Wa Mwisho Kwenye Mstari

Jumamosi, tarehe saba Februari. Kulikucha bila wingu hata moja, na ilipofika saa mbili mawe yalikuwa tayari yanachoma kupitia soli.

"Kumi na mbili," alisema Nesi, na hakuna aliyegeuka.

Kila wapanda milima hao walipopumzika, kila mmoja alitaja namba yake kwa sauti, kuanzia mbele hadi nyuma. Utaratibu huo ulikuwa mpya. Zamani mtu mmoja alinyoosha kidole na kuhesabu vichwa. Lakini kiangazi kilichopita mtu aliachwa hapa juu ya genge, na kundi lilikuja kugundua magari yakiwa yameshafika mjini.

Nesi hakuwa amekanyaga njia hii tangu siku hiyo. Mwaka mzima hakuna aliyempigia simu. Wiki iliyopita alimwandikia kiongozi, fundi bomba mwenye maneno machache, akaomba kurudi kundini. Fundi alijibu kwamba aje, atembee nao, na mwisho wa njia aseme mbele ya wote kile kilicho moyoni mwake. Baada ya hapo wataamua.

Basi akatembea. Njia ilikuwa nyembamba. Upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu, hewa tu. Mbele yake Kinyozi alilalamika kwamba kipara chake kimeshaiva, kilichobaki ni chumvi. Watu wakacheka. Nesi naye akacheka, na Kinyozi akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko msibani.

Aliyedekezwa siku hiyo alikuwa Mpishi, mama wa miaka hamsini na kitu aliyepikia shule moja ya bweni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja. Mmoja alimshikia mwavuli, mwingine alimbebea mkoba, na penye jiwe linalocheza alinyooshewa mikono mitatu kwa mpigo. Aliwaambia wamwache, yeye si yai. Hawakumwacha.

Nesi alibeba mkoba wake mwenyewe. Akaomba kimoyomoyo sala aliyoizoea wodini: Mungu, nipe maneno, na ukininyima maneno, nipe miguu.

Saa saba, kwenye kivuli chembamba cha mwamba, Fundi alirudi nyuma kumuuliza kama ana maji. Alikuwa nayo. Kama kichwa kinamuuma. Hakikumuuma.

"Ukishindwa kusema, dada, hakuna atakayekulazimisha," Fundi alisema, akitazama viatu vyake. "Ila na sisi hatutakuwa na la kufanya."

"Nitasema."

"Wengine hawalali vizuri tangu siku ile."

"Najua. Hata mimi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akarudi mbele. Mstari ukasogea. Nesi aliacha pengo la hatua kumi, kama alivyofanya tangu asubuhi, ili wasijione wanabanwa naye. Katika pengo hilo hapakuwa na sauti isipokuwa ya pumzi zake.

Alasiri waliteremka hadi kwenye magari. Namba zikatajwa, zikatimia. Watu wakakaa chini pembeni mwa barabara, jasho limewakaukia shingoni, wakamtazama kwa mara ya kwanza siku nzima.

Nesi alisimama. Akawapita wote mmoja mmoja, akapiga magoti mbele ya Mpishi.

"Mama, siku ile mimi ndiye niliyehesabu. Nilijihesabu mara mbili, nikasema tumetimia, na mwanao akafia juani kule juu. Hawa wote ni mashahidi: maadamu niko hai, kila Jumamosi nitakuja kubisha hodi kwako, ufungue usifungue."