Kumrudisha Babu Kisiwani

Moshi ulikataa kwenda kwenye sanduku. Bi Dulcie aliweka majani mabichi motoni ili moshi umkaribishe marehemu, akapepea, akahama upande, na moshi ukazidi kumrudia yeye usoni.

"Upepo tu, Shangazi," alisema Lyle, mpwa wake.

"Upepo! Wewe uliyelelewa na feni ndiye wa kunifundisha upepo wa hapa?"

Wenzao waliobaki kwenye boti walicheka, lakini yeye hakucheka. Kisiwani hakujakaa mtu tangu polisi walipowahamishia watu wake bara kwa nguvu, mama yake akiwa binti mdogo. Mama alikufa akiomba jambo moja: baba yake, ambaye daktari mmoja mkusanya mifupa alimfukua, atolewe kwenye kabati la makumbusho, alazwe karibu na mitego ya samaki aliyoijenga kwa mawe. Bi Dulcie alilipigania hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa moyo wake ulikuwa mgonjwa, na alijua hatavuka tena maji haya.

Sanduku lilikuwa dogo, limepigiliwa misumari. Hakuna aliyefikiria kulifungua. Mifupa ya mzee haichunguliwi. Hata jina la marehemu halisomwi, ndiyo maana siku ya kupokea sanduku Lyle alifumba macho, akapapasa kibandiko cha jina kwenye kifuniko na kukifunika kwa utepe mweusi. Mwanamke wa makumbusho naye aligeuza uso kwa adabu.

Bi Dulcie aliwaita wazee wa kisiwa kwa lugha yao, akawaambia nani amerudi. Kisha akajipangusa jasho la kwapani na kulipaka sanduku.

"Shangazi!" Lyle alicheka. "Jasho wanapakwa wageni, kisiwa kiwajue harufu. Huyu mwenyeji bwana. Labda akupake wewe!"

Bi Dulcie akautazama mkono wake. "Umekwenda wenyewe," alisema, na hofu ikamwingia. "Lyle, mbona hajibu? Nimemwita, nimembembeleza, naona kama nasema na ukuta. Tungoje mpaka kesho."

"Maji yanakupwa. Boti ikikwama hapa, na dawa zako ziko bara, nitamzika nani tena?"

Hakubisha, alikuwa amechoka. Walilishusha sanduku kaburini, na hapo machozi aliyoyabana miaka yote yakamwagika. Alilala kifudifudi mchangani, akapitisha kiganja juu ya kifuniko.

"Pumzika, Babu," alisema. "Yule daktari aliyekufukua hatakugusa tena."

Walifukia, wakapanga mawe. Bi Dulcie akaimba wimbo aliofundishwa na mama yake kwa ajili ya siku hiyo, wimbo ambao mtu huimbiwa mara moja tu.

Walipokaribia bara, simu ya Lyle ilishika mtandao na kuita papo hapo. Alikuwa mwanamke wa makumbusho. Bi Dulcie, kichwa begani mwa mpwa wake, aliuliza kwa usingizi wanasemaje. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtoto aliyeshiba.

"Tafadhali msizike," simu ilisema. "Masanduku yamepishana, babu yenu bado yuko hapa. Hilo mlilochukua ni la daktari mwenyewe. Aliusia mifupa yake ihifadhiwe pamoja na aliyoifukua."