Baridi ya Kuazima

"Leta huo mtungi," Dakta Musyimi alisema bila kumtazama Kalondu usoni.

Nitrojeni ya Dakta mwenyewe, ile ya maji inayogandisha kila kitu, ilikuwa ndani ya lori lililoharibika njiani, huko Malili, na wafadhili walishafika langoni. Mkuu wa chuo alikuwa ametangaza kwamba wamechagua mradi mmoja; wakiridhika nao, wataulipia miaka mitano. Dakta alinunua tai siku hiyo hiyo.

Kalondu alifanya kazi chumba cha pili. Alihifadhi mbegu za fahali wa gredi, wale wa kizazi bora, zikiwa zimezama kwenye mtungi wa nitrojeni kama hiyo, za kupandishia ng'ombe wa wakulima. Kwa Dakta, kupakana ukuta na kazi ya namna hiyo kulikuwa aibu tupu.

"Dakta, ukiimwaga yote, mbegu zitapata joto zife," Kalondu alisema. "Hiyo ni kazi yangu ya miaka minne."

"Kwani ng'ombe za Migwani zimesahau kuzaana?"

Akaimimina mwenyewe kwenye mashine yake ya kupigia picha za atomu, mpaka tone la mwisho.

Wageni wakaingia wakiongozwa na Isnino, mama wa makamo aliyevaa gambuti za mpira zenye matope. Dakta alizitazama gambuti hizo, akaamua kueleza polepole kama mwalimu wa chekechea. Kwenye baridi kali, alisema, atomu za potasiamu hutulia juu ya bamba la alumini. Zikipata joto la kawaida la chumba, kila moja humng'oa mwenyeji, yaani atomu ya alumini, na kukalia nafasi yake.

Isnino akataka kujua mtungi mmoja unatunza baridi kwa muda gani. Dakta alicheka kwa pua. Ndiyo maswali ya watu wa soko la mbuzi hayo, aliwaza.

"Mambo ya mitungi ni ya vibarua, mama. Cha maana ni kwamba joto likishaingia, hata ukirudisha baridi, hakuna kurudi nyuma."

Picha ikatokea kwenye skrini, safi kabisa, potasiamu yote ikiwa juu. Wageni wakapiga makofi. Dakta akarekebisha tai, akashindwa kuficha furaha yake.

"Asante kwa maelezo, Dakta," Isnino alisema, kisha akamgeukia Kalondu aliyesimama mlangoni. "Sasa mama, tufungulie mtungi wako. Mradi tuliochagua ni huo wa mbegu."