Msomaji wa Arobaini

Vitabu vya maktaba ya chuo cha udaktari vilihesabu vyenyewe kila viliposomwa. Ukurasa wa ugonjwa ukifikisha mara arobaini katika nyumba moja, daktari alikuja bila kuitwa.

Mkutubi Tabitha alikuwa akiandaa takwimu za mwezi alipokutana na anwani yake mwenyewe: ukurasa wa 212, mara thelathini na tisa. Yeye hakuwahi kuusoma, na nyumbani waliishi wawili tu.

Jioni alimuuliza mumewe, "Baba Tumsifu, u mzima kweli?"

"Buheri wa afya!" Akacheka, akaenda kuoga.

Tabitha akakitafuta kitabu kile chumbani, akakitoa mvunguni mwa kitanda. Alitamani kujua ukurasa ule unasema nini, lakini kidole kilisita.

Bafuni maji yalifunguliwa kwa nguvu. Kikohozi kikasikika hata hivyo.

Akaufungua.