Mama wa Darasa la Pili

Mwaka ule sheria ilimtaka kila mtu, awe na umri gani, arudi shuleni kumalizia masomo aliyoyakosa utotoni. Kwa hiyo Sikudhani, fundi cherehani wa Manyoni mwenye miaka arobaini na minne, aliketi darasa la pili pamoja na watoto, magoti yakigusa meza. Hapo ndipo alipoishia utotoni, shule yao ilipobomolewa na mafuriko.

Hakulalamika. Asubuhi alishona, mchana alisoma, jioni alitamka silabi huku akichambua mchele. Binti yake Tunu, wa darasa la sita, alimwona akikosea neno moja mara kumi, kisha akilirudia tena huku akicheka. Hakuwahi kumwona mtu jasiri kama yule.

Wiki ya tano, Sikudhani alichukua kishikwambi cha Tunu.

"Leo nitakusomea mimi."

Akafungua insha ya mwaka uliopita. Tunu akakumbuka alichoandika.

"Mama, hiyo iache!"

"Ngoja kwanza. Ma-ma ya-ngu ni mu-gu-zi. A-me-so-ma cha... cho-o... chuo kikuu."

Akasoma mpaka mwisho, bila kuruka neno. Tunu aliinamisha kichwa.

"Umeandika vizuri," Sikudhani akasema. "Ila neno muuguzi lina u mbili hapa mwanzoni."

Akalisahihisha kwa kidole.

"Mama, umekasirika?"

"Hapana, mwanangu." Akagusa kioo, ikafunguka insha nyingine, ya wiki ile, yenye kichwa 'Mtu Jasiri'. "Na hii inamhusu nani?"