Mji Hujanipa

Mchana ule Mwanakombo alikuwa akisoma kwenye simu habari ya kampuni iliyounda mashine ya kuzungumza kama marehemu. Chini yake wasomaji walikuwa wakitaniana.

"Wangu akirudi, aanze kusema funguo za kabati aliweka wapi!"

"Mama mkwe wangu mwacheni apumzike, jamani."

Mwanakombo akacheka peke yake. Mara likatokea jina la Makame, mumewe, aliyefariki mwaka juzi: "Mke wangu, kile kitendawili cha mwisho kilikushinda. Mji hujanipa."

Kitendawili kile alimtegea hospitalini, wakiwa wawili tu.

Hamu ya kumsikia tena ikamzidi. Akaandika: "Haya, chukua huu wetu."

Nje, mashine ya kusaga ikanyamaza, kisha watoto, kisha kuku.