Doa Jeupe

Kamera ya Nuhu haikuhitaji jua. Kila chenye joto hutoa mwanga wake ambao macho ya mtu hayauoni, na kwenye kioo cha kamera hiyo mwili hai huonekana mweupe, tope baridi jeusi, na palipoguswa na mwili hubaki peupe kwa kitambo. Kwa hiyo asubuhi ile, siku ya pili tangu kilima kiporomoke, aliomba watu wote washuke kutoka kwenye kifusi.

Bi Tunda alishuka wa mwisho. Tangu jana alikuwa amekaa kando ya jiwe kubwa, juu ya palipokuwa jiko lake. Mumewe alifukiwa humo.

Mara kioo kikaonyesha doa jeupe.

“Kuna mtu!” Nuhu alipaza sauti. “Pale juu, karibu na lile jiwe!”

Wanaume wakapanda mbio na makoleo. Bi Tunda akaja kusimama nyuma ya Nuhu, kanga yake imegandiwa na tope.

“Ni yeye, mwanangu?”

Nuhu akaivuta picha karibu. Doa lilikuwa na upana wa mtu aliyekaa kitako. Kila upande wake palikuwa na alama ya kiganja, vidole vimetanuka, kama mtu aliyejiegemeza ili ainuke.

Vidole vikaanza kufifia, kimoja baada ya kingine.

“Niambie basi. Ni yeye?”

Nuhu akageuka, akavitazama viganja vya Bi Tunda vilivyojaa tope. “Ngoja wachimbe, mama.”

Kule juu makoleo yakaanza kuingia topeni. Nuhu akakifunika kioo kwa kiganja chake.