Dawa ya Meno Mlangoni

Uvumi ulianzia kwenye mapipa ya taka. Aliyeuleta ni Aaltje, jirani wa ghorofa ya chini, na tangu hapo Hadassa hakupata usingizi wa maana.

"Kuna mzee anazunguka na kijidaftari," Aaltje alisema. "Haibi, hasemi. Anatazama tu mwimo wa kulia wa kila mlango, halafu anaandika. Mji huu wa Groningen, vichaa hatuwamalizi!"

Akacheka. Hadassa naye akacheka, kicheko cha midomoni.

Alijua kwenye mwimo wa kulia hukaa nini. Kwa Wayahudi hukaa mezuza, kikasha kidogo chenye maandiko. Na bibi yake aliyenusurika vita alikuwa hachoki kusema: "Hata Wanazi walianza kwa kuandika tu, mjukuu wangu."

Akapanda hadi kwake, namba 23, akaing'oa mezuza kwa bisibisi. Matundu mawili ya skrubu akayaziba kwa dawa ya meno.

"Kumbe hata mlango wetu umeoza meno?" mumewe, Meijer, alimtania.

"Cheka wewe. Tirtsa anapita hapo kila siku akienda shule."

Mwaka mzima tangu wahamie, hawakumwambia mtu wao ni nani. Sinagogi hawakulikanyaga. Hilo lilimuuma Meijer. Hakusahau mazishi ya baba yake: wanaume tisa wamesimama mvuani wakimngoja wa kumi, maana Kadishi, sala ya maiti, haisomwi wakipungua kumi.

Siku ya tatu, asubuhi, mlango ukagongwa. Hadassa akafungua kadiri mnyororo ulivyoruhusu. Mzee. Kofia kichwani, daftari mkononi.

"Samahani mama. Hapa wanakaa Wayahudi?"

"Hapana. Umepotea, mzee."

Macho ya mzee yakaenda mwimoni, yakatua kwenye dawa ya meno. Akauingiza mkono mlangoni.

"Na mumeo? Mumeo yupo?"

"Sina mume!"

Hadassa akausukuma mlango kwa bega. Mkono ukachomoka, daftari likaangukia ndani. Akapiga komeo.

"Nani?" Meijer alinong'ona nyuma yake.

Hatua zilishuka ngazi, zikasimama, zikashuka tena. Hadassa akaliokota daftari. Akalipekua akitafuta jina la mwanawe Tirtsa.

Majina hayakuwamo. Ukurasa wa mwisho uliandikwa kwa mwandiko wa kizee:

*Milango ya kutogonga tena, wasije wakaogopa:*
*Namba 4. Mama ni mjane.*
*Namba 11. Walizima redio, wakanyamaza.*
*Namba 19. Mtoto alilia.*
*Namba 23. Dawa ya meno bado mbichi. Waachwe, ila nikikosa kabisa.*
*Nimepata wanaume tisa. Mke wangu Klara anazikwa leo saa sita.*